Fizikia ya wauguzi na matabibu ifundishwe pale vyombo vilipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowafundisha fizikia vijana ambao kesho watakuwa wauguzi, wakunga, matabibu na madaktari. Mimi ni mwalimu wa somo hilo kwa kidato cha tano na cha sita hapa Dodoma, na kila tunapopokea wanafunzi wapya wa tahasusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, hawakosekani wazazi wanaonifuata na kuniuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini mtoto anayetaka kutibu watu ahangaishwe na kanuni za vimiminika, joto na mawimbi, ilhali baiolojia na kemia zingemtosha. Wanafunzi wenyewe wengi wana mawazo hayohayo, isipokuwa hawayasemi mbele yangu: fizikia kwao ni mlango wa kupitia siku ya mtihani, na ukishapita huna haja ya kugeuka nyuma.

Chanzo cha mawazo hayo nakifahamu. Mwanafunzi hukokotoa mtiririko wa maji katika bomba lililochorwa ubaoni, akapata jibu sahihi, akaenda chuoni, akakutana na mpira wa dripu, na asiwepo mtu wa kumwambia kwamba bomba lile na mpira huu vinatii kanuni ileile. Hoja yangu, Mhariri, ni kwamba fizikia ya vijana hawa ifundishwe kwa vyombo watakavyovishika mikononi na kwa tarakimu za mahali watakapofanyia kazi, kwa kuwa mahali penyewe hubadilisha majibu.

Nianze na utakasaji wa vyombo vya tiba, kwa sababu hapo ndipo Dodoma inapotofautiana waziwazi na vitabu tunavyotumia. Mji wetu uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Dar es Salaam mgandamizo wa hewa ni karibu kilopaskali 101, sawa na milimita 760 za zebaki. Hapa kwetu ni karibu kilopaskali 88.5, yaani kama milimita 664. Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa inayoyalemea, na kwa hiyo Dar es Salaam yanachemka kwa nyuzi 100 na Dodoma kwa nyuzi 96 na kitu kidogo. Aliyehamia huku kutoka Pwani huliona hilo jikoni maharage yanapochelewa kuiva, akailaumu mbegu au muuzaji.

Kwa maharage hasara ni mkaa na muda. Kwa mkasi wa kukatia kitovu cha mtoto, hasara yaweza kuwa uhai, kwa sababu kuchemsha kwa kawaida hakuaminiki kuua spora, yaani ile hali ya usugu ambayo bakteria wa baadhi ya aina, akiwemo wa pepopunda, hujigeuza ili kustahimili mazingira magumu. Ndiyo maana ikabuniwa otoklevu. Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur mjini Paris, aliiunda mwaka 1879: chombo kinachofungwa kwa nguvu ili mvuke ujilundike ndani, mgandamizo upande, na joto la mvuke huo lifike nyuzi 121, ambako spora haziwezi kuhimili kwa muda mrefu.

Mahali pasipo na umeme wa uhakika hutumika otoklevu ya kuweka juu ya jiko, yenye umbo la sufuria kubwa nzito, mfuniko wenye komeo za kukaza, geji ya mviringo na valvu ya kutolea mvuke. Nilipowapeleka wanafunzi katika zahanati moja ya vijijini kujifunza, muuguzi aliyekuwa zamu alitupokea vizuri sana na kutuonyesha hatua zote: vyombo vimeoshwa, vimefungwa katika vitambaa, maji yamepimwa, komeo zimekazwa kwa kukabiliana ili mfuniko usikae upande. Alituambia, “Mwalimu, mshale ukigusa kumi na tano, hapo ndipo ninapoanza kuhesabu dakika.” Mwanafunzi mmoja, binti asiyesema sana darasani, akauliza kwa adabu, “Samahani sista, hiyo kumi na tano inahesabiwa kuanzia sifuri ya wapi?”

Sijawahi kusikia swali zuri zaidi ya hilo kutoka kwa mwanafunzi wangu. Geji ya aina ile haipimi mgandamizo wote uliomo ndani ya chombo. Inapima tofauti kati ya ndani na nje. Sifuri yake ni hewa ya mahali ilipo. Pauni 15 kwa inchi ya mraba ni sawa na kilopaskali 103, na ukizijumlisha na kilopaskali 101 za Dar es Salaam unapata 204, mgandamizo ambao mvuke safi unakuwa na nyuzi 121 kama kitabu kinavyosema. Hapa Dodoma ukijumlisha 103 na 88.5 unapata karibu 192 tu, na mvuke wa mgandamizo huo una karibu nyuzi 119. Mshale uko palepale, muuguzi amefuata maelekezo neno kwa neno, na chombo hakijafika kwenye joto lililokusudiwa.

Atakayesema kwamba nyuzi mbili si kitu, namwomba tupige hesabu pamoja. Kwa spora zinazotumika kupimia uwezo wa otoklevu, kanuni inayokubalika ni kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10, muda unaohitajika kuziua huongezeka takriban mara 10. Kwa nyuzi mbili muda huongezeka kwa kiasi cha mara 1.6, maana yake kazi inayomalizika kwa dakika 15 katika nyuzi 121 inahitaji karibu dakika 24 katika nyuzi 119. Anayezima jiko dakika ya 15 amefanya chini ya theluthi mbili ya kazi. Miongozo inayotaka dakika 20 kwa vyombo visivyofungwa na dakika 30 kwa vilivyofungwa ina akiba ndani yake, na bila shaka akiba hiyo imetuepusha na mengi, lakini ni hatari kuila akiba bila kujua kwamba inaliwa. Dawa yake ni nyepesi: kama mtengenezaji wa chombo anaruhusu, geji ipandishwe hadi karibu pauni 17, au muda urefushwe. Otoklevu za kisasa zinazojiendesha kwa kupima joto lenyewe badala ya mgandamizo hazina tatizo hili, ila lazima mtu ajue ni ipi aliyo nayo.

Liko na jambo la pili katika chombo hichohicho, ambalo halitegemei mwinuko wa mahali na ambalo naliona kubwa zaidi. Geji haijui kama kinachoisukuma ni mvuke au ni hewa. Kanuni ya Dalton tunayoifundisha katika gesi inasema mgandamizo wa mchanganyiko ni jumla ya migandamizo ya gesi zilizomo, na joto la mvuke hufuata mgandamizo wa mvuke peke yake. Kwa hiyo valvu ikifungwa mapema, kabla hewa haijatoka, mshale utapanda kama kawaida huku joto likibaki nyuma: kwa hesabu za usawa wa bahari, hewa ikitolewa nusu tu, pauni 15 huleta nyuzi 112, na ikiachwa yote ndani, karibu nyuzi 100. Hewa pia ni nzito kuliko mvuke, hivyo hutuama chini na katikati ya vifurushi vilivyobanana. Ile tepu inayobandikwa kwenye vifurushi na kutokeza mistari myeusi huonyesha kwamba kifurushi kimepitia kwenye joto, haithibitishi kwamba kila kilichomo kimetakasika. Nimewaona watu makini sana wakiharakisha kufunga valvu kwa kuogopa kumaliza gesi ya jiko, na hakuna kati yao aliyekuwa mzembe. Ni kwamba walifundishwa hatua bila kufundishwa sababu, na hatua isiyo na sababu ndiyo ya kwanza kukatwa haraka inapokuwepo.

Kwenye shinikizo la damu sitakaa sana, kwa kuwa jambo lake ni moja. Damu ni kimiminika chenye uzito, na mgandamizo wa kimiminika huongezeka kadiri unavyoshuka chini yake, kama wanafunzi wote wa kidato cha tano wanavyojua. Kwa kila sentimita 10 ambazo mkono uko chini ya usawa wa moyo, kipimo huongezeka kwa karibu milimita 8 za zebaki. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kuuacha mkono uning’inie ubavuni kunapandisha tarakimu ya juu kwa wastani wa milimita 6.5. Mtu mwenye 134 anaandikiwa zaidi ya 140, ambao ndio mpaka wa kuitwa mgonjwa, na pengine anaanzishiwa vidonge vya maisha yake yote; na kwa mjamzito, ambaye mpaka huohuo hutumika kumchunguza kifafa cha mimba, kosa la namna hii linaweza kumpeleka rufaa bila sababu, au likawa la upande wa pili mkono ulipoinuliwa juu mno, akarudishwa nyumbani ilhali yuko hatarini. Meza ya kuegeshea mkono inatosha kuondoa kosa hilo.

Dripu nayo ni somo zima la vimiminika lililotundikwa kwenye chuma. Maji ya chumvi yakiwa mita moja juu ya mkono wa mgonjwa yanasukuma kwa karibu milimita 74 za zebaki, na kwa kuwa shinikizo ndani ya mshipa wa vena ni dogo sana kuliko hilo, yanaingia yenyewe bila pampu. Chupa ikilazwa kitandani pembeni ya mgonjwa wakati wa kumhamisha, tofauti hiyo inatoweka na damu hurudi kwenye mpira, jambo ambalo ndugu wa wagonjwa wengi wamelishuhudia wakashtuka. Lakini ninachotaka wasomaji wako wakizingatie hasa ni kanula, yaani kile kijibomba chembamba kinachoachwa ndani ya mshipa ili dripu ipitie. Daktari Mfaransa Jean Poiseuille, katika majaribio yake ya kati ya mwaka 1838 na 1846, aligundua kwamba mtiririko tulivu ndani ya bomba jembamba unafuata nusu kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne: punguza upana kwa nusu, mtiririko unabaki sehemu moja ya kumi na sita. Kanula ya kijani ina kipenyo cha nje cha kama milimita 1.3 na ya bluu kama milimita 0.9. Tofauti hiyo haifiki nusu milimita, lakini ya kijani hupitisha zaidi ya mara mbili ya inachopitisha ya bluu. Haifiki mara nne kama kanuni inavyodai, kwa sababu katika kanula halisi maji hayaendi kwa utulivu kamili.

Mpeleke sasa mwanafunzi kwenye chumba cha kujifungulia. Mwishoni mwa ujauzito mji wa mimba hupitisha damu ya kiasi cha mililita 500 hadi 700 kila dakika, na mama akianza kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, mkunga ana dakika chache za kurudisha kilichopotea. Anafundishwa kuweka kanula mbili nene, moja kila mkono. Aliyeielewa kanuni ya Poiseuille hatatafuta kanula nyembamba kwa sababu inaingia kirahisi, wala hatadhani kwamba kuiinua chupa juu zaidi kutafidia wembamba wake, kwa kuwa kimo kinaongeza mtiririko kidogo kidogo wakati upana unauongeza kwa kurukaruka. Aliyeikariri tu kwa ajili ya mtihani atakuwa ameisahau siku hiyo.

Wodi ya watoto njiti ndiyo inayonigusa kuliko zote. Humo niliona chombo cha kusaidia kupumua ambacho mtu angeweza kukipita asijue ni nini: chupa ndefu yenye maji, pembeni imebandikwa tepu ya sentimita, na ndani yake umezamishwa mpira unaotoka puani kwa mtoto, ukitoa mapovu mfululizo kwa sauti ndogo isiyokatika. Mwisho wa mpira ulikuwa sentimita tano chini ya uso wa maji. Hewa yenye oksijeni inaingizwa puani kwa mtoto, na ili itoke ni lazima ishinde uzito wa maji yale ya sentimita tano. Kwa hiyo mgandamizo ndani ya mapafu ya mtoto haushuki chini ya kiwango hicho hata anapotoa pumzi. Muuguzi aliinama mpaka macho yake yakalingana na uso wa maji, akasoma tepu, akausogeza mpira kidogo sana, akasubiri mapovu yatulie, ndipo akaandika kwenye jalada. Hapakuwa na skrini wala kengele katika kipimo kile. Maji yakizidi kwa sentimita mbili mtoto anasukumwa kwa sentimita saba. Mpira ukivutwa ukatoka majini, hasukumwi na chochote.

Kwa nini mtoto njiti ahitaji kusukumwa na mwenzake aliyetimiza miezi tisa asihitaji? Jibu liko katika mvutano wa uso wa kimiminika, mada ambayo wanafunzi huidharau kuliko nyingi. Vifuko vya hewa vya mapafu vimetandazwa ute mwembamba ndani, na ute huo unataka kujikunyata. Kadiri kifuko kilivyo kidogo ndivyo mgandamizo unaohitajika kukizuia kisisinyae unavyokuwa mkubwa, kama Laplace alivyoonyesha kwa hesabu. Mtoto aliyekomaa ana safaktanti, dutu inayopunguza mvutano huo. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, nchini Marekani, walionyesha kwamba watoto njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walikuwa na upungufu wa dutu hiyo. Kabla ya hapo watoto hao walikuwa wakifa bila chanzo kueleweka, na ufafanuzi ulipopatikana ulitokana na kanuni ileile inayoeleza kwa nini povu dogo la sabuni lina mgandamizo mkubwa kuliko povu kubwa.

Joto la watoto hao nalo ni hesabu. Mtoto wa kilo moja ana eneo la ngozi, kwa kila kilo ya mwili wake, zaidi ya mara tatu ya mtu mzima, na ngozi ndiyo njia ya joto kutoka. Akizaliwa, amelowa. Chukulia mtoto wa kilo tatu anayeachwa maji ya mililita 10 yakaukie mwilini mwake: kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji karibu kilojuli 24, na kama zote zingetoka kwenye mwili wake bila kufidiwa, joto lake lingeshuka kwa zaidi ya nyuzi mbili. Hewa ya Dodoma ni kavu na upepo wetu haupumziki, mambo mawili yanayoharakisha ukaukaji, na usiku wa Juni na Julai joto la nje hushuka kuelekea nyuzi 14. Mkunga anayemfuta mtoto mara moja, akatupa kitambaa kilicholowa na kuchukua kikavu, akafunga dirisha na kumvika kofia, anaziba njia za joto moja baada ya nyingine. Na anapomweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa utaratibu wa kangaruu ulioanzia Bogotá nchini Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970, anampatia chanzo cha nyuzi 37 kisichozimika umeme ukikatika. Nimesikia akina mama wakilalamika kwamba mtoto ananyimwa mashine kwa sababu wao ni maskini. Wangeelezwa fizikia yake kwa lugha ya kawaida, wasingeona kama wamepunjwa.

Niongeze neno moja juu ya kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni katika damu, kwa kuwa baada ya UVIKO-19 kimeenea hata majumbani. Kanuni yake ilibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974: mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi hupitishwa kidoleni, na kwa kuwa damu yenye oksijeni na isiyo nayo hunyonya mianga hiyo kwa viwango tofauti, kifaa hukokotoa asilimia. Kwa hiyo rangi ya kucha na hina nyeusi vinaweza kuharibu kipimo. Rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga, na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulikuwa ukifichika kwenye vifaa hivyo karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Nchi yenye watu kama sisi ina sababu ya kuliweka jambo hilo katika kila darasa la uuguzi, ili tarakimu 93 kwa mgonjwa anayehema kwa shida isimtulize mtu.

Kwa wazazi wanaosema fizikia si kazi ya daktari, napenda wajue pia kwamba sehemu ya fizikia hiyo ilianzia kwa madaktari. Poiseuille nimeshamtaja. Julius Robert von Mayer alikuwa daktari wa meli ya Kiholanzi iliyofika Java mwaka 1840. Alipowatoa mabaharia damu kama ilivyokuwa desturi ya tiba ya wakati ule, aliona damu ya vena zao ni nyekundu kuliko alivyozoea kwao Ujerumani. Akafikiri kwamba katika nchi ya joto mwili hauna haja ya kuunguza oksijeni nyingi ili kujipatia moto, na kutoka hapo akafika kwenye wazo la kwamba joto na kazi hubadilishana kwa kiwango maalumu, ambalo ni msingi wa kanuni ya kutopotea kwa nishati.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Dodoma tuna Chuo Kikuu cha Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, hospitali ya rufaa ya mkoa, vyuo vya afya, na ofisi za Wizara ya Elimu na za Wizara ya Afya pale Mtumba, zote ndani ya jiji moja. Sioni mkoa ulio na nafasi nzuri kuliko wetu ya kuanza. Taasisi ya Elimu Tanzania inaweza kuingiza mifano ya namna hii katika vitabu vya PCB bila kuongeza mada hata moja, kwa kuwa mada zimo tayari. Mafundi wa vifaa tiba wa hospitali zetu, ambao wanaijua fizikia hii kwa vidole vyao, waalikwe darasani angalau mara moja kwa muhula, na wanafunzi nao wapelekwe kuona, kwa ruhusa na kwa heshima ya wagonjwa. Kwa majaribio ya shuleni, mpira wa dripu usiotumika, kanula mpya za rangi mbili, ndoo ya maji na saa vinatosha kabisa kuonyesha kanuni ya Poiseuille. Na kipimajoto kikitiwa kwenye sufuria inayochemka kitampa mwanafunzi wa Dodoma zile nyuzi 96, ambazo anapaswa kuziandika kama alivyoziona bila kuogopa kwamba kitabu kimesema 100.

Na kwa waganga wakuu wa wilaya zetu, Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino, Chemba na Kondoa, ombi langu ni dogo zaidi: kila otoklevu ya geji iliyomo katika zahanati na vituo vyao ibandikwe karatasi ngumu karibu na mfuniko, imeandikwa mwinuko wa mahali hapo, pauni ambazo mshale unatakiwa kufika hapo, muda wa kuacha valvu wazi ili hewa itoke, na dakika za kuhesabu baada ya hapo. Hesabu zenyewe, wanafunzi wangu wa kidato cha sita wako tayari kuzifanya, na mafundi wa vifaa tiba wazikague kabla hazijabandikwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Dodoma